Ukinunua Jani Usilolijua, Muulize Muuzaji

Mwongozo huu nimemwandikia mtu anayeishi Nakivale, awe wa siku nyingi au aliyefika juzi kutoka Bunia, Bujumbura au Mogadishu, pamoja na yule aliyepanga chumba Mbarara, ambaye kwa sababu yoyote ile anapika bila nyama. Sababu ni nyingi. Wapo Waadventista walioacha nyama kwa ajili ya imani. Wapo Wahabeshi wa Kiorthodoksi wanaofunga kila Jumatano na Ijumaa, pamoja na siku 55 kabla ya Fasika, yaani Pasaka yao. Yupo aliyeshauriwa na daktari. Na wapo wengi ambao hawakuiacha nyama, ila nyama iliwaacha wao: posho ya WFP ilikatwa kwa asilimia 30 Aprili 2020, ikaendelea kupunguzwa miaka iliyofuata, na siku hizi kilo ya nyama huonekana sikukuu tu. Wote hao wanapikia sufuria moja, na ushauri wao ni mmoja.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Walitangulia Wanyarwanda, wakafuata Wakongomani, Warundi, Wasomali, Wahabeshi na Waeritrea, na wote wamekuja na namna yao ya kupika. Halafu kuna wenyeji wa Isingiro, wilaya ya matooke. Ukitembea kutoka Base Camp hadi New Congo umepita mbele ya mapishi ya nchi saba au nane. Ajabu ni kwamba wengi wetu tunapita tu. Mkongomani ananunua lengalenga yake, Msomali mchele wake, Mrundi maharage yake, kila mtu anarudi nyumbani na kilekile cha jana, kisha tunalalamika kwamba chakula kimetuchosha.

Dawa yake ni rahisi: kila unapokwenda sokoni, nunua kitu kimoja usichokijua. Kimoja tu, na fungu dogo. Kabla hujalipa, muulize aliyekuuzia maswali manne. Sehemu gani hailiwi? Naanza na maji au na mafuta? Kinakaa jikoni muda gani? Kinakwenda na nini? Muuzaji anayekula anachokiuza atakujibu papo hapo, mara nyingi na mambo ambayo hukuyauliza. Anayesitasita ni mchuuzi tu. Mshukuru, kanunue kwa jirani yake. Mbarara, ambako si kila mtu anajua Kiswahili, tanguliza salamu: "Agandi, nyabo." Ukimaliza, "webare." Maneno hayo mawili yatakupa maelezo mengi kuliko kuonyesha kwa kidole, na pengine yatakuongezea jani moja juu ya fungu.

Majani kwanza

Anza na majani, kwa kuwa bei yake iko chini na yakiharibika hujapoteza kitu. Doodo ya Uganda ndiyo lengalenga ya Kivu na ndiyo mchicha wa Tanzania, kwa hiyo hapo huna la kujifunza. Bbuga ni ndugu yake mwenye majani mekundu. Kigeni kwa wengi ni nakati, majani ya jamii ya nyanya chungu, yenye uchungu wa mbali ambao ulimi unauzoea kwenye sahani ya pili. Waganda huyafunga kwenye jani la mgomba na kuyaweka juu ya matooke yapate mvuke. Nawe kama huna jani la mgomba, yakate membamba, yatie kwenye sufuria yenye kitunguu na nyanya na maji kidogo sana, funika, hesabu dakika kumi. Usiyazamishe majini, yatatoa maji yake yenyewe.

Utaona pia eshwiga, ambayo ni mnavu, na eshogi, ambayo ni mgagani. Hayo mawili ni machungu kwelikweli. Namna ya kuyatuliza ni kuyachemsha, kumwaga maji ya kwanza, kisha kuyamalizia kwa maziwa, samli au karanga. Kwenye mnavu tunakula majani. Vile vitunda vibichi vya kijani vitupe, vina sumu. Majani ya maboga yana shida ya nyuzi tu. Shika kikonyo, kivunje karibu na ncha, vuta uzi taratibu kuelekea kwenye jani: utachunika mpaka juu kama ngozi nyembamba. Usipofanya hivyo utakuwa unatafuna kamba. Matembele na majani ya kunde hayana masharti yoyote.

Sombe inastahili maelezo marefu, maana ndiyo mboga inayowakutanisha Wakongomani, Wanyarwanda na Warundi, na ndiyo inayoharibiwa zaidi kwa haraka. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi. Ukiyatwanga, sumu inaachiliwa. Ukiyachemsha sufuria ikiwa wazi, inatoka na mvuke. Ndiyo maana bibi zetu walitwanga mpaka jani likawa tope na wakachemsha mpaka harufu ile kali ikaisha. Anayepunguza muda ili aokoe makaa anacheza na afya yake. Chuma majani machanga ya kileleni, matatu au manne ya juu kwa kila tawi. Osha, twanga, weka kwenye maji mengi yanayochemka, acha bila kifuniko kwa saa nzima au zaidi. Kisha ndipo uingize kitunguu, pilipili mboga, bilinganya na vitunguu vya majani, halafu mawese au karanga za kusaga, na urudishe moto mdogo mpaka mafuta yaelee.

Kwa anayepika bila nyama kuna tatizo la pili: sombe ya kununuliwa, ile inayouzwa imeshapikwa, mara nyingi ina ndagala ndani. Wakati mwingine wamesagwa unga, huwaoni kwa jicho. Uliza. Nyumbani, ile ladha ya moshi inayoletwa na samaki unaweza kuipata kwa njia nyingine: chukua bilinganya nzima na kitunguu kizima, vizike kwenye makaa mpaka ngozi iungue, menya, ponda, changanya. Mimi nimewahi kuwalisha sombe ya hivyo watu wa Uvira, ambao kwa samaki hawatanii, na sahani zilirudi tupu.

Maharage, karanga na wenzao

Maharage kila mtu anayajua, na bado tunayapika kwa kupoteza makaa. Loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji, weka mapya, na mwanzoni chemsha kwa moto mkali dakika kumi zisizopungua. Moto huo wa mwanzo si mbwembwe, maana maharage yasiyoiva, hasa yale mekundu, yana kitu kinacholeta matapishi na kuhara. Baada ya hapo punguza moto. Magadi kidogo hulainisha, lakini hupunguza vitamini, kwa hiyo iwe ncha ya kijiko. Chumvi na nyanya zitie mwishoni; nyanya zikitangulia maharage hukataa kuiva.

Ukiyachoka, jaribu firinda ya watu wa magharibi mwa Uganda. Loweka maharage mpaka ganda lilegee, yasugue kati ya viganja ndani ya maji, maganda yaelee juu, uyamwage. Kazi hiyo inataka uvumilivu na mtu wa kupiga naye soga. Yaliyobaki chemsha mpaka yavurugike, koroga kwa mwiko mpaka yawe uji mzito, malizia kwa kitunguu kilichokaangwa kwenye samli. Mtoto aliyekataa maharage wiki nzima ataomba kuongezewa. Jamaa wa Rwanda na Kigezi watakuonyesha obushaza, njegere kavu, ambazo zinaiva mapema kuliko maharage na hazisumbui tumbo sana. Choroko, dengu na mbaazi utazipata kwa urahisi zaidi Mbarara, kwenye maduka ya nafaka.

Karanga ndizo nyama ya jiko hili. Uganda zinauzwa zikiwa zimesagwa unga mwekundu mbichi, na mchuzi wake unaitwa binyebwa. Kosa la wageni ni kumimina unga ule kwenye maji ya moto: unafanya mabonge, na bonge la karanga halivunjiki. Koroga kwanza na maji ya baridi mpaka iwe kama maziwa mazito, ndipo uweke jikoni pamoja na kitunguu na nyanya, bila tone la mafuta. Simama hapo hapo mpaka ichemke, maana hupanda na kumwagika ghafla. Ikishatulia, moto mdogo, dakika 40 au zaidi, ukikoroga mara kwa mara. Imeiva pale mafuta yake yanapojitokeza juu na rangi kugeuka kutoka waridi kwenda udongo. Humo tia uyoga mkavu, ntula (nyanya chungu) zilizochemshwa, au mbegu za fenesi nitakazozieleza mbele. Unapochagua unga, nusa. Ukiwa na harufu ya kuvunda au uchungu ulimini, uache, hata kama ni wa bei ya kutupa: karanga zilizoota ukungu zina aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupika na huharibu ini.

Kuhusu uyoga, nina msimamo mkali. Mama mwenyeji aliyezaliwa kando ya ziwa Nakivale akikuchumia wake anaokula yeye na watoto wake, kula. Wewe mwenyewe usiokote porini eti unafanana na wa kwenu Masisi. Kuna uyoga unaofanana na mtamu na unaua.

Viazi vitamu navyo vina cha kusema. Vile vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vinavyoitwa viazi lishe, ni chanzo cha vitamini A, na mbegu mbili zinazojulikana sana nchini hapa, Kabode na Vita, zilitolewa rasmi mwaka 2007. Mganda Robert Mwanga, mmoja wa waliozifanyia kazi, alipewa pamoja na wenzake watatu Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Jambo la kukumbuka jikoni ni kwamba vitamini hiyo haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kiazi kikavu na chai ya rangi ni hasara mara mbili, kwa kuwa chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia pia madini ya chuma. Kula kiazi na parachichi au binyebwa, chai isubiri saa moja.

Na kwa kuwa tumegusa afya: asiyekula nyama lakini anakula mayai na kunywa maziwa hana haja ya kuhangaika. Aliyeacha hata mayai na maziwa anakosa vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye mimea, na inabidi amuulize mhudumu wa kituo cha afya kuhusu vidonge. Mjamzito asisubiri.

Kwa jirani

Kama unataka kujifunza kupika bila nyama, mwalimu bora Nakivale ni Mhabeshi. Mtu ambaye kanisa lake limemtoa kwenye nyama, mayai na maziwa zaidi ya nusu ya siku za mwaka hana budi kuwa fundi. Kwenye hoteli zao omba chakula cha tsom, yaani cha mfungo, nawe utaletewa injera iliyopambwa vilima vya dengu nyekundu, kabichi na viazi, sukuma na shiro. Injera yenyewe kwa asili ni ya teff, nafaka ndogo kuliko zote. Ethiopia ilizuia kuuza nje teff ghafi mwaka 2006 na huku bei yake ni ya wenye nafasi, kwa hiyo wapishi wengi huchanganya mtama au unga wa mchele. Usidharau ya mtama. Ina ukakasi mzuri.

Shiro unaweza kuipika leo jioni. Ni unga wa dengu, mbaazi au maharage yaliyokaangwa na kusagwa pamoja na viungo. Siri yake iko kwenye kitunguu. Katakata kingi, vichwa vitatu kwa watu wanne, kiweke kwenye sufuria kavu bila mafuta, moto wa kadiri, ukikoroga mpaka maji yake yakauke na kianze kushika chini. Hapo ndipo mafuta yanaingia, kisha berbere au pilipili ya kusaga uliyonayo, kitunguu saumu, maji, na mwisho unga unyunyizwe polepole huku mkono mwingine unakoroga. Dakika ishirini za kutokota, basi. Kwa ugali inakwenda, kwa chapati inakwenda, kwa matooke pia, ingawa Mhabeshi akikuona atakusikitikia.

Kwa Wasomali tafuta vitu viwili. Canjeero ya asubuhi, mkate mwembamba wenye matundu, unamiminiwa mafuta ya simsim na sukari na chai juu yake. Na cambuulo, kunde ndogo nyekundu zilizochemshwa polepole mpaka zikawa laini kabisa, zikaliwa usiku na sukari na mafuta ya simsim. Maharage na sukari! Najua. Onja kwanza. Utaona vilevile kwamba Msomali anaweka ndizi mbivu kando ya wali, akimega kidogo kila tonge. Ujaribu kwa wali wa maharage wenye pilipili.

Wenyeji wa Ankole ni watu wa ng'ombe, lakini meza yao ina mengi yasiyo na nyama. Karo ni ugali wa ulezi na muhogo, mzito, wa kumeza bila kutafuna. Obushera ni kinywaji cha ulezi au mtama, kitamu siku ya kwanza na kichachu siku zinazofuata. Na kipo kile cha heshima, eshabwe: samli isiyo na chumvi inayopigwa kwa mkono na maji baridi yaliyochemshwa na chumvi ya mwamba, mpaka igeuke nyeupe kama krimu. Huliwa baridi, kwenye harusi hasa. Maziwa Mbarara ni mengi na bei yake ni nafuu kuliko sehemu nyingi za Uganda, ila yachemshe, maana bruselosi iko kwenye ng'ombe wa ukanda huu na homa yake hukaa mwilini miezi. Yaliyogandishwa, wanayoyaita bongo au makamo, yanunue kwa mtu anayechemsha kabla ya kugandisha. Hilo nalo ni swali la kumuuliza.

Matunda

Hapa ndipo mtu anaweza kupoteza pesa kwa kutojua, basi tuende taratibu.

Ndizi mbivu zina majina yake. Bogoya ni ile ndefu nene. Ukisema "ndiizi" utapewa vile vidogo vitamu, si ndizi yoyote. Gonja ndiyo makemba ya Kongo: usiile mbichi, ichome kwenye makaa ikiwa na madoa meusi kwenye ganda, si kabla. Yenye ganda la njano safi bado haina utamu.

Ntuntunu utaiona kwenye vifungu vidogo, kila tunda ndani ya kifuko chake kikavu kama karatasi. Fungua: ndani kuna duara la dhahabu, ukubwa wa gololi, tamu na chachu kwa pamoja. Tazama kifuko, kikiwa kijani bado, tunda halijaiva na si la kula. Likiiva huanguka lenyewe chini ya mmea. Hukaa ndani ya kifuko wiki nzima na zaidi bila kuharibika, kwa hiyo ni tunda la kubeba safarini. Zilizobaki zipike na sukari kidogo, ni jemu nzuri kwa chapati.

Nyanya za mti, ambazo Wanyarwanda na Warundi huziita ibinyomoro, zina umbo la yai na ngozi nyekundu iliyokoza au ya zambarau. Ngozi ni chungu. Kata katikati, kula kwa kijiko, au mwagia maji ya moto dakika moja na kumenya. Watoto huzitaka na sukari. Mimi huzitaka kwa chumvi: ponda mbili na kitunguu kibichi, pilipili na majani ya giligilani, weka kando ya maharage. Kachumbari hiyo imeniokoa miezi ambayo nyanya za kawaida zilipanda bei.

Stafeli, hapa kitafeli, chagua linalobonyea kidogo kwenye kidole. Gumu halijaiva na lililopasuka limeshapita. Mbegu usile wala usizisage kwenye juisi, zina sumu. Matunda ya pasheni, yanayoitwa marakuja kule Bukavu, yanunue yakiwa yamenyauka ngozi, si yale yanayong'aa. Jambula ndiyo zambarau ya pwani. Inapaka meno na shati, na doa lake halitoki.

Sasa fenesi. Mganda huliita fene, na kandokando ya barabara ya Masaka kuelekea Mbarara utaona limefunguliwa na kukatwa vipande. Nunua kipande kwanza, usijitwishe tunda zima la kilo kumi na tano kisha ukose pa kuliweka. Kama umepewa zima, kabla ya kukata jipake mafuta ya kupikia viganjani na kwenye kisu, kwa sababu utomvu wake haujui sabuni. Ng'oa vifuko vya njano, tenga mbegu. Mbegu hizo wengi huzitupa, na ni hasara. Zioshe, zichemshe kwa chumvi nusu saa, menya ganda jeupe la nje, utapata kitu cha ungaunga kinachoshiba. Zikaange na kitunguu au zitie kwenye binyebwa.

Kuna matumizi mengine ambayo huku hayajazoeleka lakini India na Bangladesh ni ya kila siku: fenesi changa, lililo kijani na mbegu zake bado laini, kupikwa kama mboga. Limenye, likate vipande pamoja na vifuko na mbegu zake, chemsha mpaka kisu kiingie, kisha chambua nyuzi kwa uma. Nyuzi zile zina umbile la nyama ya kuchambua na hazina ladha yake zenyewe, kwa hiyo zinapokea chochote: mchuzi wa nyanya na bizari, au kaanga kavu yenye kitunguu saumu na pilipili. Mwombe mwenye mti akuuzie changa. Atashangaa, lakini atapunguza bei, kwa sababu kwake hilo halijawa mali bado.

Ukila nje, Mbarara

Soko kuu la Mbarara na soko la Rwebikoona yanatosha kwa mahitaji mengi. Majani nunua asubuhi kama unataka mazuri, jioni kama unataka nafuu. Nafaka hupimwa kwa tumpeco, kile kikombe cha nusu lita. Tazama kama kimebonyezwa chini, maana kuna vikombe vyenye tumbo lililoingia ndani. Parachichi mwambie muuzaji utalila lini, leo au keshokutwa, akuchagulie yeye. Kulibonyabonya mwenyewe ni kuwaharibia wanaokuja nyuma yako.

Njaa ikikushika mjini, chakula cha uhakika kisicho na nyama ni kikomando: chapati iliyokatwakatwa na maharage juu. Rolex ni chapati na mayai. Katogo ya matooke huwa ya utumbo isipokuwa umetaja ya maharage au ya karanga. Na kuna mitego mitatu. Wali "mtupu" unaweza kumwagiwa supu ya nyama kabla hujafungua mdomo, kwa hiyo sema mapema. Binyebwa huweza kuwa na mukene, wale dagaa. Na mboga za majani hotelini huungwa kwa viungo vya kopo vyenye ladha ya ng'ombe. Ukiuliza kwa upole, mpishi hatachukia. Ukiuliza sahani ikiwa mezani, atachukia.

Mapishi yako wapi

Mengi yako vichwani mwa watu, kama tulivyoona. Lakini vipo vitabu, na kwa kuwa vingi ni vya Kiingereza, mtafute kijana wa sekondari akusaidie. Cha kwanza kwa maoni yangu ni *Wild Food Plants and Mushrooms of Uganda* cha Katende, Ssegawa na Birnie, cha mwaka 1999, chenye majina ya mimea kwa lugha za hapa nchini. Kuna vitabu vitatu vya *Lost Crops of Africa*: cha nafaka (1996), cha mboga (2006) na cha matunda (2008), vyote vinasomeka bure mtandaoni, ingawa ni vizito kwa bando ndogo, kwa hiyo pakua sura moja moja. Wakenya wana *Traditional Food Plants of Kenya* cha Maundu, Ngugi na Kabuye (1999), na mimea haijui mpaka. Kwa mapishi ya Kisomali na ya mwambao, *In Bibi's Kitchen* (2020) cha Hawa Hassan, mzaliwa wa Mogadishu aliyepita utotoni katika kambi ya wakimbizi Kenya, kimekusanya mapishi kutoka kwa mabibi wa nchi nane za Bahari ya Hindi. Si cha wasiokula nyama peke yao, lakini ruka kurasa za nyama na bado utabaki na kazi.

Ukikuta mapishi ya ughaibuni kwenye simu, usiyaache kwa sababu huna walichokitaja. Wakisema spinachi, weka doodo. Wakisema dengu nyeupe za kopo, weka maharage au obushaza. Tui la nazi huku ni ghali, na karanga zilizosagwa laini zikachujwa zinafanya kazi hiyo kwenye mchuzi, si kwenye vitamu. Lozi ziache, simsim ipo. Badala ya limau la njano weka ndimu ya sokoni, na ndimu ikikosekana ukwaju uliolowekwa unatosha. Tofu ndiyo sijapata mbadala wake mzuri. Fenesi changa inakaribia kwa umbile, haikaribii kwa lishe, basi ongeza maharage pembeni.

Mapishi unayopewa kwa mdomo yahifadhi siku hiyohiyo. Mwombe mama akuruhusu kumrekodi kwenye simu anapoeleza, na ukifika nyumbani yaandike kwenye daftari kwa vipimo vya jikoni kwako: tumpeco, kijiko cha chai, kiganja. "Kiasi" na "kidogo" virudie kumuuliza mpaka vipate namba. Na jina la jani andika kwa lugha ya aliyekuuzia, maana ndilo utakaloliulizia wiki ijayo.